Sifuri ya Mwisho

Ndugu msomaji, kabla hatujaendelea nakuomba uchukue penseli na karatasi. Mgongo wa bahasha ya zamani utatosha, na penseli ikiwa fupi si neno. Mwite pia mtoto mmoja wa nyumbani kwako, wa darasa la tano kwenda juu, akae karibu nawe. Kwani haya nitakayoyasimulia niliyapata kwa mtoto, na yumkini nawe utahitaji msaada kama nilivyouhitaji mimi.

Andika juu ya karatasi namba hii: 61,741,120. Ni idadi ya watu waliohesabiwa katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kwa sensa ya mwaka 2022, ile iliyouliza kila kaya ni nani waliolala hapo usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 23 Agosti. Ilitangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo. Tangu siku hiyo wengi wamezaliwa na wengi wamezikwa, kwa hiyo idadi ya leo si hiyo tena. Lakini namba ya usiku ule imekwisha kuandikwa, nayo itabaki hivyo hivyo wajukuu wetu watakapokuwa wazee.

Jioni moja umeme ulikatika hapa kwetu Ukonga, nasi tukatoka nje kutafuta upepo. Penye benchi mbele ya nyumba yangu hukutana watu wa kila namna: kijana wa bodaboda anayesubiri abiria, mama anayekaanga maandazi upande wa pili wa njia, na jirani yangu mmoja, fundi wa redio wa siku nyingi, ambaye sasa hatengenezi tena redio kwa kuwa macho hayamruhusu, lakini bado tunamwita Fundi. Mjukuu wangu wa Darasa la Saba alikuja na daftari lake chini ya taa ya kuchaji. Mwalimu alikuwa amewapa namba ile ya sensa na kuwaagiza waigawanye mpaka zibaki namba tasa tupu. Namba tasa, kama umesahau, ni namba kubwa kuliko 1 isiyogawanyika kwa nyingine yoyote ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11, na nyinginezo zisizo na mwisho.

Mtoto aliisoma namba kwa sauti. Fundi akacheka, kicheko kisicho cha furaha.

“Mjukuu wangu, namba hiyo usijisumbue nayo,” alisema. “Imepikwa. Watu milioni sitini na moja na ushei, wengine machungani, wengine baharini, wengine hospitali, wahesabiwe kaya kwa kaya, halafu jumla iishie kwenye sifuri kama bei ya shati? Sifuri hiyo imetoka sufuriani.”

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilifanya kazi ya ukarani miaka mingi na najua kwamba neno la namna hiyo likisemwa kwa mzaha Jumatatu, Ijumaa huwa limekwisha kuwa habari. Nikasema tuichunguze hiyo sifuri kwa penseli.

Nawe ichunguze. Jumla yoyote ya watu lazima iishie kwa tarakimu moja kati ya kumi, tangu 0 mpaka 9, wala hakuna sheria inayoizuia sifuri kupata zamu yake. Kati ya jumla kumi utakazozipata popote, tarajia moja hivi iishie kwa sifuri. Mkoa wetu wa Dar es Salaam katika sensa hiyo ulikuwa na watu 5,383,728, Mwanza 3,699,872, Dodoma 3,085,625. Hapo una 8, una 2, una 5. Sensa ya mwaka 2012 ilitoa jumla ya 44,928,923, na hakuna aliyeishuku 3 yake.

Tena tazama sifuri yenyewe ilivyozaliwa. Tanzania Bara walihesabiwa 59,851,347, na Zanzibar 1,889,773. Saba ya Bara na tatu ya Zanzibar zikikutana zinafanya kumi: andika sifuri, moja chukua. Ni hesabu ya Darasa la Pili.

Nikiwa mkweli kwako, msomaji, sikuachiwa nishinde kirahisi. Fundi aliuliza wanaume walikuwa wangapi. Nikatafuta: 30,053,130. Na wanawake? 31,687,990. “Haya,” akasema, “sifuri hapa, sifuri pale, na sifuri kwenye jumla. Sifuri tatu!”

La, si tatu, ni mbili. Maadamu mbili za kwanza zinaishia kwa sifuri, ya tatu haina hiari, lazima iwe sifuri nayo. Na mbili kukutana hivyo ni jambo la mara moja katika mia. Ni haba, lakini mambo ya mara moja katika mia hutokea kila siku kwa mtu anayetazama namba mia kwa siku. Nikamwambia tena jambo ambalo kila karani mzee analijua: mtu anayepika hesabu huikimbia sifuri. Huweka 7, huweka 3, ili ionekane kama imetoka shambani na vumbi lake.

Ziko sifuri ambazo wataalamu wa sensa huzishuku kweli, ila hazitoki maofisini. Zinatoka vinywani mwetu. Karani akiuliza umri, wengi wetu hatusemi 41 wala 58. Tunasema arobaini, tunasema sitini. Iko kanuni inayoitwa kwa jina la Whipple, Mmarekani, ambayo hupima tabia hiyo. Huchukuliwa watu wa miaka 23 hadi 62, wakatazamwa wangapi wametaja umri unaoishia kwa 0 au 5. Wasipokuwa na upendeleo, watakuwa sehemu moja ya tano, na kipimo husoma 100. Wakitaja umri wa namna hiyo wote bila kubaki mmoja, husoma 500. Nikamuuliza Fundi yeye ana miaka mingapi. “Sabini,” akajibu bila kufikiri. Mwaka gani ulizaliwa? “Mwaka wa Uhuru nilikuwa nachunga mbuzi.” Hata yeye mwenyewe alicheka safari hii.

Wakati sisi wazee tunabishana, mtoto alikuwa amekwisha kuanza kazi. Ifuate pamoja naye.

Namba inayoishia kwa sifuri ni shufwa, basi anza na 2. Nusu yake ni 30,870,560. Nusu tena, 15,435,280. Tena, 7,717,640. Tena, 3,858,820. Tena, 1,929,410. Tena, 964,705, na hapo nusu zimekwisha. Tumegawanya kwa 2 mara sita, yaani kwa 64. Namba iliyobaki inaishia kwa 5, basi igawe kwa 5: 192,941.

Je, 3 imo? Kwa 3 na 9 huhitaji kugawanya, jumlisha tarakimu. Za namba yetu ni 6 na 1 na 7 na 4 na 1 na 1 na 2 na 0, jumla 22. Ukiigawa 22 kwa 3 inabaki 1, kwa hiyo watu wetu wote wakipangwa watatu watatu kama mafiga, mmoja atabaki amesimama. (Za Dar es Salaam zinafanya 36, basi mkoa wetu unagawanyika kwa 9 bila baki. Jaribu mwenyewe.)

Kwa 7 mwalimu aliwafundisha njia ambayo mimi sikufundishwa, nami naiona nzuri kuliko zote. Zidisha 7 kwa 11 kwa 13, unapata 1,001, ile idadi ya usiku wa hadithi tulizozijua tangu utotoni. Kwa sababu hiyo, ukitaka kujua kama namba kubwa inagawanyika kwa 7, au 11, au 13, ikate vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kama zinavyokatwa na mikato yake. Yetu ina vipande vitatu: 61, 741, 120. Jumlisha cha kwanza na cha tatu: 181. Tafuta tofauti yake na cha katikati: 741 kutoa 181 ni 560. Basi, badala ya kuhangaika na milioni sitini na moja, iulize 560 tu. Inagawanyika kwa 7? Ndiyo, mara 80. Kwa 11? Hapana. Kwa 13? Kumi na tatu mara 43 ni 559.

“Kumi na tatu imekosa kwa moja,” mtoto alisema.

“Imekosa kwa mtu mmoja,” Fundi akasema polepole. Sikulitilia maanani neno hilo wakati ule.

Kuhusu 11, kijana wa bodaboda alitaka kujua kama nchi nzima ingeweza kugawanywa katika timu za mpira bila kumwacha mtu. Tukakokotoa. Zinapatikana timu 5,612,829 kamili, na anabaki mtu mmoja. “Huyo ndiye mwamuzi,” kijana akasema, na benchi zima likakubali kwamba mwamuzi mmoja kwa timu milioni tano na nusu hatafika hata dakika ya kumi.

Turudi kwenye kazi. 192,941 gawa kwa 7 ni 27,563. Hapa ndipo penye jasho. Mtoto alijaribu 17, ikakataa, 19, ikakataa, 23, 29, 31, 37, 41, zote zikakataa. Mama wa maandazi alikuwa amekwisha kuzima jiko. Kwa 43 ikakubali: mara 641. Na 641? Kuijua kama ni tasa haitakiwi kujaribu mpaka mwisho wa dunia. Inatosha kujaribu namba tasa mpaka 23, kwa sababu 25 kwa kipeo cha pili ni 625 na 26 ni 676, nayo 641 iko katikati. Zote zinabakiza kitu. Basi ni tasa.

Jibu la daftari likawa hili: 2 mara sita, kisha 5, kisha 7, kisha 43, kisha 641. Zizidishe zote uone kama hutarudi palepale, kwenye 61,741,120. Nilimwambia mtoto azizidishe, naye akanitazama kama mtu aliyetukanwa, lakini alizidisha.

Kutokana na jibu hilo unaweza pia kujua namba yetu ina vigawo vingapi kwa jumla, bila kuviandika. Ile 2 unaweza kuichukua mara sifuri, au mara moja, mpaka mara sita: njia saba. Kila moja ya zile nne nyingine ama unaichukua ama unaiacha: njia mbili mbili. Saba mara 2 mara 2 mara 2 mara 2 ni 112. Ziko njia 112 za kuwapanga watu wale wote katika mafungu yaliyo sawa bila kumwacha hata mmoja. Madarasa ya wanafunzi 35, kwa mfano, yangekuwa 1,764,032 kamili. Hakuna aliyelipanga hilo. Waliozaliwa usiku ule kabla ya saa sita waliingia, waliokufa jioni walitoka, na matokeo yakawa hayo.

Usiku nilipolala, ile 641 haikuniacha. Nilikuwa nimeiona mahali. Asubuhi nikakumbuka, na naomba nikupeleke mbali kidogo kabla hatujarudi Ukonga.

Katika karne ya kumi na saba alikuwako Ufaransa mwanasheria mmoja, Pierre de Fermat, aliyependa hesabu kuliko kesi zake. Aliziangalia namba hizi: 3, 5, 17, 257, 65,537. Kila moja inapatikana kwa kuizidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, yaani vipeo vya 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Zote tano ni tasa. Fermat akaamini kwamba inayofuata ni tasa pia, na inayofuata hiyo, na kuendelea milele. Inayofuata ni 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1: 4,294,967,297. Ni nani atakayeijaribu kwa mkono? Fermat alifariki mwaka 1665, na dai lake likabaki limesimama.

Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, akiwa kijana wa miaka 25, aliliangusha. Alionyesha kwamba 4,294,967,297 ni sawa na 641 mara 6,700,417. Baadaye alieleza sababu inayofanya kazi hiyo isiwe ya kubahatisha: kigawo tasa chochote cha namba ile, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Sasa ziandike namba za jinsi hiyo: 65, 129, 193, na kuendelea kwa kuongeza 64. Ondoa zisizo tasa. Zinabaki 193, 257, 449, 577, na ya tano ni 641. Ukijua pa kutafuta, majaribio matano yanatosha kuliangusha dai lililosimama kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kigawo kile kile kilichomtoa Fermat makosani kimo ndani ya idadi ya watu wetu. Mjukuu wangu nilipomweleza aliuliza swali ambalo wewe pia huenda unaliuliza: maana yake nini?

Haina maana yoyote. Katika kila namba 641 zinazofuatana, moja inagawanyika kwa 641. Safari hii ilikuwa yetu. Nalisema hili wazi kwa sababu wako watu mjini humu wanaouza maana ya namba kwa fedha, za siku ya kuzaliwa, za simu, za bahati nasibu. Namba kubwa yoyote ukiikodolea macho muda wa kutosha itakuonyesha ajabu. Hii yetu inaanza na 6174, na hiyo nayo ina sifa zake. Chukua mwaka wowote wenye tarakimu nne ambazo si zote sawa, uzipange kutoka kubwa kwenda ndogo, kisha kinyume chake, utoe, na urudie. Kwa 2022: 2220 kutoa 0222 ni 1998; 9981 kutoa 1899 ni 8082; 8820 kutoa 0288 ni 8532; 8532 kutoa 2358 ni 6174. Ukiendelea, 7641 kutoa 1467 inakurudisha 6174, na hutoki tena humo. Huhitaji zaidi ya hatua saba popote utakapoanzia. Aliyeligundua ni Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali huko India, mtu asiye na cheo kikubwa. Wape watoto mchezo huo siku ya mvua, lakini usimlipe mtu akuambie bahati yako imo ndani yake.

Iko lakini sifa moja ya namba yetu ambayo haikutokea kwa nasibu, na ndiyo iliyonifanya niandike leo. Inaihusu kila namba, lakini sikuwahi kuifikiria kwa habari ya watu.

Chukua namba mbili zinazofuatana, zozote. Hazishirikiani kigawo chochote isipokuwa 1. Darasani husema KKS yake ni 1, yaani kigawo kikubwa cha shirika. Sababu ni nyepesi: kitu kinachozigawanya zote mbili lazima kiigawanye tofauti yao, na tofauti yao ni 1. Maana yake ni kwamba mtu mmoja akiongezwa au akipunguzwa, namba haibadiliki mkiani tu. Inabadilika yote. Mwondoe mtu mmoja kwenye 61,741,120, upate 61,741,119. Ile 2 mara sita imetoweka, 5 imetoweka, 7, 43 na 641 zimetoweka pamoja. Vigawo vile vyote 112 hakibaki hata kimoja ila 1. Badala yake zimeingia 3 na 11 ambazo hazikuwamo. Nilikuwa nikidhani kwamba katika milioni sitini na moja mtu mmoja ni tone baharini.

Nilimweleza Fundi jambo hilo jioni ya pili, pale pale kwenye benchi, ndege zikishuka moja baada ya nyingine kuelekea uwanjani. Nilidhani litamfurahisha. Alinyamaza muda mrefu.

Kisha akasema, “Ndugu yangu, mimi simo.”

Nikamwuliza hayumo wapi. Ndipo akanieleza. Usiku ule wa kuamkia tarehe 23 hakulala Ukonga. Dada yake alikuwa amefariki huko Chanika, naye alilala msibani, juu ya mkeka uani, pamoja na watu ambao hakuna aliyejua idadi yao. Kabla ya alfajiri aliamka akarudi kwake kuchukua fedha za mazishi. Karani wa sensa alipofika hapa na kishikwambi chake, mwenye nyumba alijibu kwa uaminifu kwamba mzee hakulala hapa. Na karani aliyefika kwenye msiba kule Chanika aliwakuta waliokuwapo. Je, kuna aliyelitaja jina la mtu aliyekwisha kuondoka gizani? Huenda shemeji yake alimtaja. Shemeji naye sasa ni marehemu.

Nikaelewa sasa kile kicheko chake. Haikuwa sifuri iliyomuudhi.

Nilimwambia nililoweza. Nilimwambia kwamba sensa ilikusudia kumhesabu kila mtu mahali alipolala, msibani, safarini, hata aliyelala kituo cha basi, na kwamba nyumba yenye msiba ndiyo ambayo watu huulizana sana nani alilala na nani hakulala, kwa sababu ya chakula na mikeka. Nilimwambia yumkini yumo. Alitikisa kichwa. Aliniuliza kama hesabu zile zote tulizozifanya, za nusu na za tatu na za yule Mswisi, zinaweza kumwambia yumo au hayumo. Nikasema hapana. Namba inaweza kukuambia kila kitu juu yake yenyewe, lakini haiwezi kukuambia ni nani walioifanya.

Mjukuu wangu alikuwa akisikiliza, penseli sikioni kama fundi seremala. Akasema, “Babu, ngoja tukuweke.”

Akafungua ukurasa mpya akaandika 61,741,121. Akaikata vipande: 61, 741, 121. Sitini na moja na 121 ni 182. Mia saba arobaini na moja kutoa 182 ni 559. “Kumi na tatu mara 43,” akasema. “Sasa kumi na tatu imekubali.” Akaigawa yote akapata 4,749,317, wala hakuna kilichobaki.

Kisha, kwa udadisi wake tu, akaichukua namba ya mwaka 2012, ile 44,928,923, akaifanyia vivyo hivyo. Arobaini na nne na 923 ni 967. Kutoa 928 ni 39. Kumi na tatu mara tatu.

“Na hii pia ni ya kumi na tatu,” akasema. “Mwaka huo ulihesabiwa, Babu?”

“Huo nilihesabiwa,” Fundi akasema. “Karani alikuwa binti mmoja. Alikaa hapo kwenye kizingiti, akanywa maji, akaniuliza kama nina redio.” Akaomba daftari, akalisogeza karibu na taa, akaiangalia ile namba yenye 1 mwishoni kwa muda, kwa macho yake yasiyoona vizuri. Akauliza kama anaweza kuuchana ukurasa ule akae nao. Mtoto akamwambia aungoje kwanza mwalimu ausahihishe.